Barua ya malalamiko: Usukani mliounyanyua kupita mstari wake

Ngamiani, Tanga
14 Mei 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: USUKANI WA BAISKELI NILIYONUNUA KWENU TAREHE 5 APRILI 2025

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka 61. Tarehe 5 Aprili niliwalipa shilingi 420,000 kwa baiskeli ya kijani yenye gia saba, na shilingi 25,000 nyingine za kuisafirisha kwa basi hadi Tanga. Fedha hizo nilizitoa kwenye kiinua mgongo changu. Ninaandika kwa sababu usukani wa baiskeli hiyo mliupandisha kwa namna ambayo ingeweza kunitoa roho, na kwa sababu tangu niwaeleze mmekuwa mkinipiga danadana.

Naanza na simu niliyowapigia kabla sijalipa, maana mambo yote yanatoka hapo. Nilimweleza kijana wenu wa mauzo kwamba pingili za shingo yangu zimelika. Nikiendesha baiskeli ya kuinama, inanibidi ninyanyue kidevu muda wote ili nione mbele, na nikifika ninakokwenda siwezi kugeuza kichwa. Mikono nayo inabeba uzito wa mwili, hata kidole cha pete na kidole cha mwisho vinakufa ganzi. Mtaalamu wa viungo hospitalini aliniambia nisiache baiskeli, niache kuinama. Kwa hiyo nilimwambia kijana wenu, kwa maneno mepesi kabisa, kwamba nataka vishikio vikae juu ya siti kwa kiasi cha vidole vinne, na visiwe mbali na kifua. Akanijibu: "Mama, usiwe na shaka, usukani wa hii unapanda na kushuka. Tutakupandishia hapa hapa dukani kabla ya kuituma, na hatukutozi kitu." Nilimuuliza mara mbili. Mara mbili akasema ndiyo.

Huenda mtajiuliza kwa nini nilishikilia jambo la usukani kiasi hicho. Mji wetu ni tambarare, na baiskeli hapa haina mwenyewe: wazee wanapanda, akina mama wanapanda, mtoto anapelekwa shule nayo. Marehemu baba yangu alikuwa akienda nayo kazini kwenye shamba la mkonge, Phoenix nyeusi ya breki za vyuma, ambayo usukani wake umepinda kurudi nyuma kumfuata mwendeshaji. Alikaa juu yake wima kama aliyekaa kwenye kiti cha sebuleni. Nilijua ninachokitafuta. Phoenix imekuwa nzito kwangu sasa, kuiinua tu kupita kizingiti ni kazi, ndiyo maana nikaja kwenu kutafuta nyepesi yenye gia.

Baiskeli ilifika stendi ya Kange tarehe 9 Aprili, mvua za masika zikinyesha. Sitaki kuficha kwamba nilifurahi mno. Nilipoipanda mgongo ulinyooka, macho yakaona barabara bila kunyanyua kidevu, na vidole havikufa ganzi. Kwa siku kadhaa niliwasifu kwa majirani.

Kisha nikaanza kuona mambo. Nikikata kona kwenda kulia, breki ya nyuma inashika yenyewe, sijagusa kitu. Nikikata kushoto, gia inaruka. Nikasimama chini ya taa ya barazani nikatazama: waya wa breki ya nyuma na waya wa gia zilikuwa zimekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Mliupandisha usukani mkaziacha waya zilezile fupi. Waya hizo zinatoka kwenye usukani unaogeuka na kwenda kwenye fremu isiyogeuka, kwa hiyo kila nikigeuza usukani zinavutwa. Waya wa breki ya mbele haukuleta shida hiyo ya kona, kwa kuwa breki yake inageuka pamoja na usukani, lakini nao ulivutika hadi mipira ya breki ikawa inalamba rimu. Fundi yeyote angeliona hilo kwa kugeuza usukani mara moja kulia, mara moja kushoto, baiskeli ikiwa imesimama. Ni kazi ya sekunde kumi.

Nilikuwa nimepanga kuwapigia simu kuhusu waya hizo. Sikuwahi. Alhamisi tarehe 24 Aprili, asubuhi, nilikuwa nakaribia kuvuka reli kuelekea mjini, nyuma kwenye keria nimefunga madaftari ya watoto ninaowafundisha jioni. Niligeuza usukani kidogo kulikwepa dimbwi. Usukani ukageuka, gurudumu halikugeuka. Mikono yangu ilikwenda kulia na baiskeli ikaendelea kwenda mbele, ikaingia kwenye dimbwi, nami nikaanguka ubavu. Bajaji iliyokuwa nyuma ilifunga breki hatua chache kutoka kichwani kwangu. Goti lilichubuka, madaftari yakalowa tope, na Mungu alininusuru. Zaidi ya hapo sina la kueleza juu ya kuanguka kwenyewe, ila naomba msome tena sentensi ile: usukani uligeuka, gurudumu halikugeuka.

Niliikokota baiskeli hadi kwa fundi wa mtaani kwetu, anayefanya kazi chini ya mwarobaini. Nami naomba nimweleze kwa kirefu, kwa sababu alichokifanya mbele yangu ndicho ambacho nyinyi mngepaswa kukifanya.

Aliingiza spana ya pembe sita kwenye bolti iliyo juu ya shingo ya usukani, yaani ile fimbo inayoubeba usukani, akailegeza mizunguko miwili mitatu, hakuitoa. Akaweka kipande cha ubao juu ya kichwa cha bolti, akagonga na nyundo mara moja. Akashika usukani kwa mikono miwili ili auvute, na hakuhitaji kuuvuta, ulitoka wenyewe. Akanyamaza. Akailaza ile shingo pajani kwake, akafuta grisi kidogo iliyokuwa chini kabisa kwa kitambaa, akaniambia, "Mwalimu, njoo uone."

Ubavuni mwa chuma kile kuna mstari uliochongwa kukizunguka, na juu yake maandishi ya Kiingereza yanayoagiza kwamba shingo iingizwe ndani ya bomba angalau hadi hapo. Mstari huo haupaswi kuonekana baiskeli ikiwa barabarani. Fundi alichukua rula: kutoka mwisho wa chuma hadi kwenye mstari ni sentimita 6.5. Kutoka mwisho wa chuma hadi mahali alama ya grisi na mikwaruzo ilipokomea ni sentimita 3. Mlinipa baiskeli ambayo usukani wake ulikuwa umeshikiliwa na sentimita tatu za chuma. Mstari wa usalama ulikuwa hewani muda wote, umefichwa na kile kifuniko cheusi cha mpira mlichokivisha. Sisemi mlikivisha ili kuuficha, kwa kuwa sikuwepo. Nasema kilikuwapo, na kilikuwa kimevutwa hadi kuufunika mstari.

Alinieleza pia jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi, na nimekielewa kiasi cha kuweza kumfundisha mtoto wa darasa la tano. Shingo ya usukani ni fimbo nene inayozama ndani ya bomba la uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu. Chini yake kuna kabari. Ukikaza bolti iliyo juu, kabari inavutwa, inabana kuta za bomba kwa ndani, na hapo ndipo usukani na gurudumu vinakuwa kitu kimoja. Sasa, sehemu ya juu ya bomba hilo imechongwa hesi kwa nje ili nati zikae, na panapochongwa hesi ukuta wa chuma huwa mwembamba. Kabari inatakiwa ibane chini ya hapo, kwenye ukuta mzima. Hiyo ndiyo sababu ya mstari. Fundi wenu aliivuta shingo hadi kabari ikawa inabana palepale kwenye hesi, akaikaza kwa nguvu. Bomba limetuna. Nati ya juu sasa haizunguki, na uma wote inabidi ubadilishwe. Siyo shingo peke yake mliyoiharibu.

Siku hiyohiyo niliwatumia picha nne kwa WhatsApp: mstari, rula, bomba lililotuna, na waya zilivyokaza. Jibu la kwanza lilikuja baada ya siku tano, likaniambia nishushe siti ili usukani uonekane uko juu. Siti ya baiskeli hupimwa kwa mguu, siyo kwa usukani. Nikiishusha, magoti yatabaki yamekunjwa kila nikikanyaga pedeli, na kwa umri wangu nitakuwa nimeondoa maumivu ya shingo na kuyahamishia magotini. Jibu la pili likasema dhamana haihusu vitu ambavyo mteja amevirekebisha mwenyewe. Sikurekebisha chochote. Ujumbe wa kijana wenu wa tarehe 7 Aprili upo kwenye simu yangu, unasema: "Mama tumeshaupandisha, upo juu kabisa." Jibu la tatu likasema hakuna mteja mwingine aliyelalamika. Ndugu Meneja, hilo ndilo lililonikosesha usingizi kuliko yote.

Kwa sababu kama mliniambia mimi kwamba usukani unapanda, mmewaambia na wengine. Kuna mtu mahali fulani, labda mama mwenye mtoto kwenye keria, anayeendesha sasa hivi na sentimita tatu za chuma, na hajalalamika kwa kuwa usukani wake bado haujageuka peke yake.

Wala nililoliomba halikuwa gumu. Kuna shingo ndefu zaidi za unene uleule, milimita 22.2, ambazo zinapanda juu huku mstari ukiwa ndani ya bomba. Fundi wetu alinionyesha moja iliyotoka kwenye baiskeli kuukuu. Au mngenifungia usukani wenyewe uliopinda kwenda juu na kurudi nyuma, mkaacha shingo pale ilipo. Au mngefanya vyote viwili kwa kiasi. Kisha mngeweka waya ndefu na maganda yake, mkapaka grisi kwenye fimbo, mkakaza bolti, mkabana gurudumu la mbele katikati ya magoti na kujaribu kuuzungusha usukani kwa nguvu kuona kama umeshika. Na kama vitu hivyo hamna, mngeniambia tu, "Mama, hii haifiki unapotaka." Ningetafuta nyingine, tena ningewashukuru kwa ukweli.

Ninachodai ni hiki. Mnitumie uma mpya wa mbele unaolingana na fremu hii, shingo ndefu inayofaa, usukani uliopinda kurudi nyuma, na waya za breki na gia zenye urefu wa kutosha. Gharama ya kuvifunga ni yenu, na vifungwe hapa Tanga na fundi ambaye nitamsimamia mwenyewe, rula ikiwa mkononi. Msipoweza, mnirudishie shilingi 445,000, yaani bei na usafiri, nami nitawarudishia baiskeli yenu kwa basi mtakalolitaja. Shilingi 15,000 nilizomlipa fundi kwa uchunguzi nazo nazidai. Kuhusu goti sidai chochote, limepona.

Pia nadai muwapigie simu wateja wote ambao mliwapandishia usukani dukani kwenu, muwaeleze wavue kile kifuniko cha mpira na watazame kama mstari unaonekana. Ukionekana, wasipande baiskeli hiyo hadi itengenezwe. Dai hili sitaliondoa hata mkinilipa fedha zangu zote kesho. Namba zao mnazo, kama mlivyokuwa na yangu mliponitumia matangazo ya punguzo la Pasaka.

Nawapa siku 14 kuanzia mtakapoipokea barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani, ambayo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina wajibu wa kumlinda mlaji, nikiambatanisha picha zilezile, risiti ya malipo, stakabadhi ya basi na ujumbe wa kijana wenu. Nakala zake nimewawekea humu.

Shingo ya usukani ninayo nyumbani, nimeifunga kwenye gazeti pamoja na bolti na kabari yake, sijaisafisha zaidi ya pale fundi alipofuta. Mkimtuma mtu, aje siku yoyote kuanzia saa nane mchana, asubuhi huwa sipo kwa kuwa siku hizi ninakwenda sokoni kwa miguu.

Mteja wenu,

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.