Sisi wa milimani tuambiwe mota imekaa wapi

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako hunifikia hapa Kabale, Uganda, kwenye simu, na mara kadhaa sasa nimesoma humo habari za baiskeli za umeme. Naandika kulalamika kidogo. Kila habari hutaja wati, hutaja bei, hutaja kilomita ambazo betri itakwenda ikijazwa mara moja, kisha basi. Sijaona hata moja inayomweleza msomaji mota imefungwa wapi. Kwa mtu wa Soroti au Lira, ambako unaweza kuendesha asubuhi nzima usikutane na mlima, hilo si neno. Kwetu sisi wa Kigezi, huku kwenye milima ya Kabale, ndilo la kwanza kuuliza, na wati zije baadaye sana.

Kazi yangu ni kuoka. Mikate na mandazi hutoka jikoni kwangu Kigongi kabla hapajapambazuka, na wateja wangu wako juu. Kila aliyejenga kitu kikubwa katika mji huu alikipandisha kilimani: Waanglikana wako Rugarama pamoja na hospitali yao, Wakatoliki Rushoroza, chuo kikuu kiko Kikungiri, serikali ikajichagulia Makanga. Waokaji tukaachiwa bonde. Boda ya petroli hunipandisha bila taabu, lakini faida ya makreti mawili ya mikate huishia kwenye tangi lake. Ndiyo maana nikaingia kwenye baiskeli ya umeme, na watu wakapata la kusema, maana mama wa makamo aliyefunga hijabu juu ya baiskeli si jambo la kila siku hapa. Wamezoea.

Baiskeli yangu ya kwanza ilikuwa na mota kwenye habu, yaani kitovu, ya gurudumu la nyuma. Sina ugomvi nayo. Kwenye barabara ya Katuna, zile sehemu zinazofuata bonde, ilikwenda vizuri, kimya, na cheni yake haikuchoka kwa sababu haikubeba chochote isipokuwa miguu yangu. Mtu akiniambia anaishi Kasese mjini na anasambaza maziwa kwenye tambarare ya pale, nitamwambia anunue hiyohiyo na abaki na chenji. Ni rahisi kuliko nyingine, na haina mambo mengi ya kuharibika.

Kupanda ndiko kulikotuachanisha. Mota ya habu imeungana na gurudumu: gurudumu likienda polepole, nayo huzunguka polepole, haina njia nyingine. Hata zile zenye giya ndogo ndani, kama yangu ilivyokuwa, zina uwiano mmoja tu ambao huwezi kuubadilisha kwa mkono. Na mota ya umeme ikizungushwa polepole huku imebebeshwa mzigo huanza kuvuta mkondo mwingi kutoka kwenye betri. Mkondo ukiwa mara mbili, joto katika nyaya zake za shaba huwa mara nne. Hapo unalipia umeme wa kuchemsha chuma.

Niwape hesabu, kwa sababu habari za magazetini hazina hesabu ya mlima. Mimi, baiskeli na makreti tunafika kilo 120 hivi. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, yaani ule unaokupandisha mita 10 kwa kila mita 100 za barabara, kwenda kilomita 10 kwa saa kunadai wati kati ya 350 na 400 pale gurudumuni. Sasa chukua mota iliyoandikwa 250, iliyosukwa ili ikimbie kilomita 25 kwa saa. Katika mwendo ule iko chini ya nusu ya kasi yake, na nusu ya umeme unaoingia, pengine zaidi, unaweza kuishia kuwa joto. Ukiikazania, itapanda. Swali ni kwa muda gani. Giya za ndani ya mota yangu zilikuwa za nailoni, kama zilivyo nyingi za aina ile, na nailoni ikipata joto hulainika. Kwanza nilisikia mlio wa kusaga kwenye kona ya kwenda Rushoroza, kisha harufu, kisha baadaye mota ikawa inazunguka peke yake ndani na gurudumu limesimama. Meno yalikuwa yameliwa.

Baiskeli niliyonayo sasa nimeinunua Kampala ikiwa imeshatumika, na mota yake imefungwa pale penye pedali. Nguvu yake hupitia kwenye cheni ileile ninayoizungusha kwa miguu, kwa hiyo hufaidi giya zilezile. Siri yote iko hapo. Mbele ina meno 44. Nyuma ina giya 7, kubwa kabisa meno 34 na ndogo kabisa meno 14. Nikiwa kwenye ile ya 34, nikizungusha pedali mara 70 kwa dakika, ninakwenda kilomita 11 hivi kwa saa. Nikiwa kwenye ile ya 14, kwa mizunguko ileile 70, ninakaribia kilomita 28. Mota haijui tofauti. Iwe Makanga au barabara ya Katuna, yenyewe inazunguka katika kasi inayoipenda, na gurudumu ndilo linalopunguza au kuongeza mwendo. Nikifika juu naigusa kwa kiganja: ina joto, lakini mkono hautoki mbio.

Tena si jambo jipya. Yamaha walipotoa baiskeli yao ya PAS huko Japani mwaka 1993, mota waliiweka penye pedali. Miaka zaidi ya 30 baadaye, muuzaji mmoja wa Kampala, simtaji, nilipompigia simu kumuuliza mota ya baiskeli anayoitangaza iko wapi, alinijibu, "Iko ndani, mama, usijali."

Kuhusu wati, namba hiyo inawapotosha wanunuzi wengi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka mota ya baiskeli ya kawaida ya umeme iandikishwe kwa wati 250 zisizozidi, na iache kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa. Basi mashine mbili zisizofanana hata kidogo zinabeba kibandiko kimoja. Mota ya Bosch ya Performance Line CX imeandikishwa 250 ilhali nguvu yake ya kuzungusha hufika niutoni-mita 85 au zaidi penye pedali, na giya ya nyuma yenye meno mengi kuliko ya mbele huizidisha tena. Habu nyingi zilizoandikwa 250 hutoa 30 hadi 45, na haziongezewi na kitu. Baiskeli nyingi za mitumba zinazoshuka kwetu zimetoka huko huko zikiwa na kibandiko hicho. Mnunuzi wa Kabale anasoma 250 na 250, anaona bei moja ni karibu nusu ya nyingine, anachukua ya bei nafuu, na hakuna aliyemdanganya. Karani wa mikopo wa Sacco fulani hapa mjini naye alitaka kujua wati na risiti tu. Nilipomweleza habari ya pedali alinitazama kwa huruma.

Betri sina haja ya kuieleza sana. Yangu ni ya volti 48 na ampea-saa 13, yaani wati-saa 624, kwa hiyo kuijaza hakufiki uniti moja ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, hata ukihesabu kinachopotea kwenye chaja. Ila msomaji wa milimani akumbuke jambo hili: kwa kilo 120, kila mita 100 za kwenda juu zinakula kama wati-saa 33 kabla hujahesabu hasara yoyote. Kwa hiyo zile "kilomita 60" za tangazo ni za mtu mwembamba asiye na mzigo kwenye barabara iliyonyooka. Waandishi wako wangepima kwa mita za kupanda, wangetusaidia.

Faida moja haitajwi kabisa, nayo ni pancha. Ile ya habu ikipasuka tairi la nyuma, kulitoa gurudumu ni shughuli: kuna waya wa kuchomoa, kuna nati kubwa na washa zake ambazo zikirudishwa vibaya ekseli inaweza kujizungusha na kuukata waya. Fundi wangu wa chini ya mkaratusi, mzee anayeziba pancha za baiskeli za Roadmaster tangu nikiwa mgeni mji huu, alikataa kuigusa. "Hajati," akasema, "hii si baiskeli, hii ni redio." Kwa hii ya sasa gurudumu la nyuma ni gurudumu tu. Analitoa, anaziba, analirudisha, tunalipana. Spoki nazo zimetulia, maana habu nzito ikipigwa na mashimo ya barabara zetu ilikuwa ikizikata.

Sasa nisifanye kama muuzaji. Mota ya pedali inakula cheni. Nguvu yako na nguvu yake zote zinapita kwenye kamba moja nyembamba ya chuma, na ukiongeza vumbi la murram na mvua ya Novemba, inakwisha mapema kuliko unavyotarajia. Ikikatika mlimani, umekwisha: mota inazunguka bure na wewe unasukuma. Ile ya habu cheni ikikatika, unakaza akseleta na kurudi nyumbani umekaa, na hilo nalikosa. Pia lazima ujue kubadilisha giya. Ukibadilisha huku mota inavuta kwa nguvu zote unasikia mlio wa meno unaokuuma hata wewe. Baadhi zina sensa inayokata umeme kwa nukta moja unapobadilisha. Yangu haina, kwa hiyo nalegeza pedali kwanza, nabadilisha, kisha naendelea, na nafanya hivyo kabla ya kilima kuanza, nisingoje nimekwama katikati. Vijana wanaoniazima baiskeli hawaelewi hili, na sasa siwaazimi.

Breki zihesabiwe katika bei. Kupanda Rugarama na mikate ni jambo moja, kushuka na makreti matupu kwenye barabara yenye mbuzi ni jingine. Mota yangu haisaidii chochote kushuka, na ile ya kwanza pia haikusaidia. Breki ziwe za diski, na pedi zake zikaguliwe mara kwa mara.

Cheni naipima kwa rula ya mwanangu ya shule. Pingili 24, kutoka pini hadi pini, ni inchi 12 kamili zikiwa mpya. Zikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, nabadilisha cheni siku hiyo, kwa sababu ukiiacha itayala meno ya nyuma na mbele, na hayo ndiyo yenye bei. Mafundi wengi wa hapa hungoja mpaka iruke. Kwa Roadmaster ya giya moja hilo linaweza kuvumilika. Kwa hii, hapana.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mwandishi wako akienda kuiona baiskeli ya umeme, amwambie mwenye duka aigeuze, aone mota iko kwenye gurudumu au penye pedali, na aliandike hilo pamoja na bei. Aulize nguvu ya kuzungusha, si wati peke yake. Aulize giya za mota ni za nini. Kisha aipande, si pale mbele ya duka, bali kwenye kilima, na mzigo ukiwa nyuma. Kampala haina uhaba wa vilima. Na wale wanaopanga kuleta baiskeli hizi kwa mikopo kwa akina mama wauza viazi na wauza maziwa wa huku kwetu, wasilete aina moja kwa nchi nzima. Ya Lira iende Lira. Ya Kabale, Kisoro na Kapchorwa iwe na mota penye pedali na giya, hata ikibidi baiskeli ziwe chache kwa fedha ileile.

Halafu nina shida yangu binafsi, na natumaini utaniachia nafasi. Cheni za giya 6, 7 na 8 ni za upana mmoja, kwa hiyo si kitu cha ajabu, lakini madukani hapa napata zile pana za giya moja tu, na hizo haziingii. Huwa naagiza Kampala, inakuja na basi la usiku. Kama kuna msomaji wa Mbarara au Ntungamo anayelijua duka lenye cheni hizo karibu zaidi, tafadhali aandike humu humu. Nanunua mbili mbili.

Mwoka mikate,
Kigongi, Kabale