Msiwanyime watoto wenye usonji ndizi

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, hili jambo limenikaa rohoni.

Mimi ni mama wa kijana wa miaka 6 mwenye usonji, tunaishi Bukoba. Kuna mtu anajiita mtaalamu alimpima mwanangu damu akaniambia serotonini, kemikali fulani ya mwilini, iko juu ndo maana haongei, nimuachishe ndizi kabisa maana ndizi zina serotonini, halafu nimpe dawa zake za kuishusha, hela nikatoa laki na themanini. Sasa mtoto wa Bukoba umuachishe ndizi atakula nini, na huyu wangu ndo kabisa, chakula kingine akiona tu rangi yake anasukuma sahani, ndizi na maharage ndo alikuwa anakula bila kulia. Wiki tatu tu akakonda hadi mbavu zikawa zinahesabika.

Ndo nikaanza kusoma na kumuuliza daktari wa watoto. Kumbe habari ya serotonini ipo kweli, mwaka 1961 huko Marekani Schain na Freedman waliona baadhi ya watoto wenye usonji wana serotonini nyingi kwenye damu na tafiti za baadae zikakuta hivyohivyo, kama robo yao hivi au zaidi kidogo. Lakini wengi waliobaki wana usonji na damu yao iko kawaida tu, na asiye na usonji naye anaweza kukutwa nayo juu, kwahiyo kipimo hicho hakimwambii mzazi kama mtoto ana usonji wala hana.

Halafu hili ndo lilinifungua macho. Serotonini ya kwenye damu inatengenezwa kwenye utumbo, inadakwa na chembe sahani, zile za kugandisha damu ukijikata, karibu yote inakaa humo. Ubongo unatengeneza ya kwake, ya kwenye damu haivuki kuingia huko. Wanasayansi wanaichunguza sana ile protini inayoivuta iingie kwenye chembe sahani, huenda kwa watoto wengine inavuta kupita kiasi. Na ndizi inayo kweli, ila mwili unaivunjavunja, mabaki yanatoka na mkojo, ndo maana anayeenda kupimwa mkojo kutafuta uvimbe fulani unaotoa serotonini anaambiwa asile ndizi siku chache kabla. Nadhani maneno yalichanganywa hapo.

Na kuishusha kwa dawa walishajaribu jamani! Miaka ya 1980 watoto walipewa fenfluramini, serotonini ya kwenye damu ikashuka kweli, mwanzoni watu wakafurahi, majaribio makubwa yalipofanyika watoto hawakupata nafuu ya maana, na 1997 dawa yenyewe ikatolewa sokoni Marekani kwa kuharibu vali za moyo. Sasa mimi nilikuwa nampa mwanangu kidonge kwenye kichupa kisicho hata na jina, nikikumbuka hilo usiku silali.

Ndizi nimemrudishia, na mashavu yameanza kurudi. Ila kwenye kliniki ya mazoezi ya kuongea nimekutana na wamama wawili walioambiwa yaleyale na bado wamewanyima watoto. Mhariri, naomba mtume mwandishi akawaulize hawa wanaopima wanapeleka damu maabara gani, vidonge vina nini ndani, na nani kawaruhusu.

Mama wa mtoto mwenye usonji,
Bukoba