Nimeombwa kushuhudia kwamba nimevuka, nami bado niko katikati

Kwako mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mjane, mama wa watoto wawili, na kanisani naongoza kikundi cha maombi cha akina mama. Mume wangu aliugua muda mrefu. Kanisa lilifunga na kuomba, wazee walikuja kumpaka mafuta kama Yakobo 5:14 inavyoagiza, na wapo waliotutamkia kwa uhakika kwamba atapona. Hakupona. Tulimzika.

Tangu hapo mabadiliko yamefuatana. Mshahara uliotulisha ulikuwa wake. Tumehamia nyumba ndogo, mtoto mdogo amebadilishwa shule, na sijui mwakani tutaishi wapi. Hayo ni mazito lakini nayabeba. Jambo ninalokuandikia ni jingine.

Mchungaji ameniomba nisimame kwenye ibada ya shukrani ya mwisho wa mwaka nishuhudie jinsi Mungu alivyonivusha. Ameniomba kwa upendo, maana anawafikiria wengine waliofiwa. Lakini sijavuka. Nikipiga magoti maneno hayaji. Nakaa kimya, nikishikilia ile Warumi 8:26, kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Mungu sijamwacha. Naamini mume wangu yuko kwa Bwana na tutaonana. Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika; aliwataka wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Mimi matumaini ninayo, na huzuni ninayo, ila naona watu wanasubiri niweke huzuni chini ndipo waamini kwamba nina matumaini.

Wengi hunitumia Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Nalipenda neno hilo, ndiyo maana nilikwenda kuisoma sura nzima. Kumbe ni barua kwa watu waliohamishwa kwa nguvu kwenda Babeli, na mstari wa kabla yake unasema ni mpaka miaka 70 itimie. Waliokuwa watu wazima siku ile, wengi wao walizikwa ugenini. Wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee amani mji wasioutaka. Mimi faraja yangu naipata hapo, kwenye kujenga huku moyo unauma, kuliko pale ninapoambiwa kwamba jema liko karibu kutokea. Usiku husoma Zaburi ya 88. Nyingine nyingi za kulia humalizikia kwenye sifa, hii huishia gizani, na bado ni sala, na bado imo kwenye Biblia.

Sasa kuna mwanangu mkubwa, ana miaka 16. Ameacha kwenda kanisani. Aliniuliza, "Mama, tuliomba kwa imani au hatukuomba? Kama imani ilikuwepo, kilipungua nini?" Sikubali aambiwe kwamba imani yetu ilikuwa haba. Mwana wa Mungu mwenyewe aliomba Gethsemane kikombe kimwondokee, na alikinywa. Martha na Mariamu wote wawili walimwambia Yesu, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa," na hakuwakemea kwa neno hilo, alilia machozi. Haya nilimweleza mwanangu, akanisikiliza vizuri tu. Kisha akasikia habari za ushuhuda, akaniambia: "Ukisimama pale ukasema umevuka, nitajua hata wewe unasema wanachotaka kusikia. Mimi nakusikia usiku."

Mshauri, neno hilo halinitoki. Nikikataa, naogopa nitawavunja moyo wanawake ninaowaongoza, na mchungaji aliyetuhudumia kwa uaminifu huenda akaona namdharau. Nikikubali na kusema yale yanayotarajiwa, nitampoteza mtoto, na sidhani Mungu anapata utukufu kwa neno nisilolimaanisha.

Naomba unishauri. Je, nimwombe mchungaji anipe nafasi nisimame niisome Zaburi hiyo ya 88, niseme kwamba hapa ndipo nilipo na bado namwita Bwana, au ibada ya shukrani si mahali pake na nitawakwaza walio wachanga katika imani? Je, niuweke chini uongozi wa kikundi kwa muda, au kuendelea kukaa na wenzangu nikiwa hivi nako ni huduma? Na huyu kijana nimwambieje? Sitaki kumlazimisha kuja kanisani, wala sitaki adhani kwamba sijali asipokuja. Kumwambia "sijui kwa nini Mungu hakumponya baba yako, na bado namwamini" ndiyo kweli niliyonayo. Je, inamtosha mtu wa umri wake?

Mchungaji anasubiri jibu langu kabla ratiba ya ibada haijapangwa. Tafadhali nijibu mapema, na wasomaji waliopita hapa nao wanisaidie.

Ni mimi dada yenu katika Kristo,
Mama wa wawili