Barua kwa Ami: Seneta aliyeshinda akangojeshwa

Silver Spring, Maryland

Ami yangu,

Assalamu alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Pesa za dawa za Bibi nimeshazituma, naomba unijulishe zikifika.

Siku ile kwenye simu uliniuliza kama ni kweli Wamarekani zamani hawakuwa wakimchagua seneta kwa kura zao. Ni kweli. Katiba yao ililipa kazi hiyo bunge la kila jimbo, kama Baraza letu la Wawakilishi hapo Zanzibar linavyowachagua wale wetu watano wa kwenda Bunge la Dodoma. Na kura za watu wachache unazijua zinavyokwenda. Wabunge wa Delaware walivutana mpaka jimbo likakaa bila seneta hata mmoja kuanzia 1901 hadi 1903. William Lorimer wa Illinois naye alivuliwa kiti 1912, baada ya kubainika kuwa rushwa ilipita kwa waliomchagua. Marekebisho ya 17 ya Katiba yalipopita 1913, kura ikaenda kwa wananchi.

Sasa sikia kisa cha hapa Maryland. Seneta Isidor Rayner alifariki Novemba 1912. Gavana, mtu wa Republican, akamteua William Jackson wa chama chake akishike kiti. Marekebisho yakapita, uchaguzi ukaitishwa Novemba 4, 1913, na Blair Lee wa Democrat akashinda. Ungedhani wiki hiyo hiyo anaapishwa. Wapi! Upande wa Jackson ulidai kwamba marekebisho yenyewe yanasema hayamgusi aliyeingia kabla hayajaanza kutumika, na yeye aliteuliwa kabla, basi aachwe mpaka bunge la jimbo likutane. Hoja si ya kipuuzi, Ami. Wewe ungeishikilia barazani mpaka adhana ya magharibi. Lakini Seneti ndiyo inayoamua nani mwanachama wake halali, na Lee hakuketi mpaka mwisho wa Januari 1914.

Wanawake hawakupiga kura siku ile. Wanaume weusi haki hiyo walikuwa nayo, ila ilikuwa imeponea chupuchupu: mwaka 1905, 1909 na tena 1911, wanasiasa wa chama hicho hicho cha Lee walitaka kubadili katiba ya jimbo ili wawanyime, na mara zote tatu wapiga kura wakakataa. Hilo lilinipa moyo kuliko ushindi wa Lee mwenyewe, maana siku hizi hapa mtaani ukitoka tu unakutana na Waafrika.

Lee kwao ni hapa hapa. Inasemekana babu yake mzaa mama aliona chemchemi inayong'aa kwa madini ya ulanga mchangani, mji ukapata jina la Silver Spring, yaani chemchemi ya fedha. Pahala pake sasa pana bustani ndogo yenye kibanda kilichoezekwa mfano wa tunda la mwaloni. Nilimpeleka mwanangu nikaanza kumhadithia, yeye anataka aiskrimu tu.

Useneta wenyewe haukudumu. Mwaka 1916 Lee aliangushwa kwenye kura za maoni za chama chake.

Waulize wenzako barazani: hao wetu watano, wangekuwa wanapigiwa kura na watu wote wa Unguja na Pemba, wangapi wangerudi Dodoma? Majibu nirekodie kwa sauti, na matusi usiyakate.

Nisalimie wote nyumbani.

Mwanao,
Zuhura