Shukrani kwa babu wa Kunduchi

Shikamoo babu, wewe uliyekuwa ukishona nyavu pale ufukweni Kunduchi Jumamosi asubuhi. Jina hukututajia, ulisema "babu" inatosha.

Nilimleta shangazi yangu kutoka Singida, hajawahi kuiona bahari. Ukaweka nyavu chini ukatushughulikia kana kwamba tulitumwa kwako. Ulimwonyesha ngalawa, na zile mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke. Ulimweleza kwamba mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hupumzika, maana taa zao hazivuti samaki. Hilo nami sikulijua, na nimekulia hapa hapa Dar!

Ulimwonyesha pia kisiwa cha Mbudya kwa mbali, ukasema kimo katika hifadhi ya bahari tangu 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Kisha ukatupeleka kwenye magofu: msikiti wa kale, na makaburi ya nguzo yaliyopambwa zamani kwa bakuli za kauri kutoka China. Shangazi alisimama pale mpaka jua likatuchoma.

Na mnadani je? Tulishaanza kutajiwa bei ya wageni. Ukasema, "Hawa wangu," na samaki aina ya changu wakashuka bei papo hapo. Pesa ya soda ukaikataa.

Ahsante sana, babu. Shangazi anakusalimu, na chupa ya asali ya Singida iko njiani. Anayemfahamu amfikishie.