Salamu za Shukrani kwa Waliokaa Nasi Tukimsubiri Mtoto Wetu

Assalaam alaykum.

Familia ya marehemu kijana wetu, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania aliyeuawa vitani akiwa mlinda amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, eneo la Beni, Kivu ya Kaskazini, nchini Kongo, jioni ya Alhamisi tarehe 7 Desemba 2017, inatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, majirani na marafiki wote walioshirikiana nasi kwa hali na mali, tangu habari zilipotufika hadi tulipomsomea hitma ya arobaini. Watanzania waliokufa siku ile walikuwa 14, na kila tunapomwombea wa kwetu tunawaombea wote, pamoja na askari wa Kongo waliouawa katika shambulio hilohilo.

Sisi tumezoea kumzika maiti wetu siku ileile au kesho yake. Safari hii tulikuwa na msiba bila maiti, kwa siku ambazo hatukujua tuziite nini. Jumamosi ilikuwa Sikukuu ya Uhuru, na redio ya jirani, ambayo kila mwaka husikika mtaa mzima, siku hiyo haikufunguliwa. Jumatatu ya tarehe 11 majeneza yalifika Dar es Salaam, nasi tukaendelea kusubiri aagwe kijeshi Upanga pamoja na wenzake, kisha avushwe kuja Unguja. Muda wote huo jamvi halikukunjwa. Kuna mzee mmoja, asiye na udugu nasi wa damu, aliyelala barazani kwetu kila usiku ili baba wa marehemu asikeshe peke yake. Kuna mwoka mikate aliyeacha boflo mlangoni kila alfajiri, na mpaka leo hataki kusikia habari ya malipo. Na vijana wa mtaa walichimba kaburi mapema, mvua ikalijaza maji, wakalichota na kulichimba upya bila kutuambia. Tumekuja kujua baada ya mazishi.

Tunalishukuru Jeshi kwa heshima lililompa, na makamanda waliofika nyumbani wakaketi chini pamoja na wazee. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alilitaja shambulio lile kuwa baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wa umoja huo katika historia ya karibuni, nasi tulifarijika kuona kwamba dunia nayo imeliona. Wapo waliotuuliza, kwa nia njema, kijana wetu alifuata nini katika nchi ya watu. Yeye mwenyewe alikwisha kutujibu kwa simu, aliposema kwamba kina mama wa Beni humwamkia kwa Kiswahili, na kwamba mtu akikuomba ulinzi kwa lugha ya mama yako huwezi kumwambia wewe ni mgeni.

Shukrani za pekee ni kwa askari mwenzake aliyejeruhiwa, aliyekuja kutupa mkono wa tanzia akitembea kwa magongo. Hakutusimulia mapigano, wala hatukumwuliza. Alimweleza mama wa marehemu kwamba asubuhi ya siku ile mwanawe alifua nguo zake akazianika kambani, na kwamba shati moja lilikuwa lile la buluu alilotoka nalo nyumbani. Mama alimshika mkono kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo ameanza kula.

Kwa kuwa hatuwezi kumfikia kila mmoja wenu, tunaomba mpokee shukrani hizi kama mliokabidhiwa mkononi, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Yeyote anayemdai marehemu, kiasi chochote, afike nyumbani kwetu bila kuona haya, na yeyote aliyekosewa naye tunamwombea msamaha. Hadi sasa amefika mmoja tu, fundi cherehani ambaye marehemu alimpa oda ya kanzu ya mdogo wake na kumwachia nusu ya fedha. Aliileta kanzu imekwisha kushonwa na kupigwa pasi, akakataa kuchukua nusu iliyobaki, na mdogo wake aliivaa siku ya hitma.

Familia ya marehemu,
Unguja