Uchovu wa walimu hautaisha kwa ushauri wa kulala mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie uchovu wa walimu, tatizo ambalo huku kwetu Rungwe hupewa dawa moja tu: mwalimu anaambiwa apange muda wake vizuri na alale mapema. Ushauri huo si mbaya, ila anapewa mtu ambaye muda wenyewe hana mamlaka nao.

Tuangalie kusahihisha peke yake. Kiwango kilichowekwa kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini tangu Elimu bila Malipo ianze mwaka 2016 (hatua njema, sina ugomvi nayo) darasa la wanafunzi 90 si jambo la kushangaza. Kila daftari likipata dakika mbili tu za kalamu nyekundu, zoezi moja la Hisabati limekwishakula saa tatu, na mwalimu huyo huyo bado anadaiwa andalio la somo la kesho, tena pengine wiki hii yuko zamu na baridi ya Juni lazima imkute shuleni kabla ya saa moja asubuhi.

Shirika la Afya Duniani lilipoufafanua uchovu wa namna hii mwaka 2019 halikuuita ugonjwa, bali hali inayotokana na msongo wa kazini ambao haujadhibitiwa. Ukitaka kuuona, mtazame mwalimu aliyezoea kupita dawati kwa dawati, ambaye sasa anajaza ubao, anaketi na kuwaacha watoto wanakili. Wakubwa wake huona uvivu. Mimi naona mtu aliyeishiwa.

Shuleni kwetu tulikubaliana kutoa mazoezi mafupi zaidi, kusahihisha nusu ya madaftari leo na nusu kesho, na walimu wa mikondo ya darasa moja kugawana maandalio. Mzigo ulipungua, na watoto hawakupoteza kitu. Hofu yetu ni wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, kwa kuwa wapo wanaopima kazi ya mwalimu kwa kuhesabu kurasa zisizo na alama ya vema. Ningeomba utaratibu huu utambuliwe rasmi, ili mwalimu asiadhibiwe kwa kutumia akili.

Lipo pia suala la simu. Agizo la takwimu linaingia kwenye kundi la WhatsApp saa tatu usiku, nalo linataka majibu kabla ya asubuhi, wakati takwimu hizo hizo zilikwishapelekwa mwezi uliopita. Halmashauri zikitoa siku tatu za kazi kwa kila ombi, hakuna kitakachoharibika. Na kambi za masomo za likizo ya Juni ziwe za hiari na zenye malipo, kwani likizo hiyo ndiyo nafasi yetu ya kwenda kuwaona wazazi wetu.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Rungwe, Mbeya.